Gari la Mwalimu Njiapanda

Kazi yangu ni kufunga traka kwenye magari. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinatoshana na kiberiti, na mahali pake ni chini ya dashibodi, pale ambapo mwenye gari hafikii bila kujikunja. Ndani yake mna laini ya simu. Kinasikiliza kompyuta ya gari, maana gari la siku hizi lina kompyuta hata kama mwenyewe hajui, kisha kinatuma habari: gari liko wapi, limewashwa au limezimwa, injini ina joto kiasi gani, betri ina nguvu kiasi gani, breki zimekanyagwa kwa upole au kwa kishindo. Mimi hukaa gerejini kwetu, upande wa Ruring'u hapa Nyeri, nikitazama nukta za rangi zikitembea juu ya ramani.

Wateja wetu ni wenye malori ya mchele, wenye magari ya maziwa, shule zenye mabasi, na watu wa kawaida wenye gari moja. Karibu wote husema wanaogopa wezi. Baada ya muda hupiga simu na kuuliza swali lililowaleta. Tajiri anataka kujua kwa nini dereva alisimama Karatina mchana kutwa. Mke anataka kujua ni nani anaishi nyuma ya soko la Chaka. Nimezoea kujibu kilichoko kwenye skrini na kuyaacha mengine yalivyo.

Mwanamke mmoja alikuja kwetu asubuhi ya Jumatatu, amevaa sweta ya buluu ya kazini. Alisema yeye ni muuguzi katika zahanati moja ya Kutus, na babake anaishi peke yake hapa Nyeri tangu mama alipofariki. Mzee bado anaendesha gari. Kila Jumamosi anashuka Kutus kumwona, anakula chakula cha mchana, na jioni anarudi. Aliposema kazi aliyoifanya babake nikamjua mara moja. Watu wa rika langu mjini humu wengi walijifunza kuendesha gari kwake.

Huyo mzee alikuja Nyeri akiwa kijana, dereva wa polisi kutoka upande wa magharibi, akapangwa huku na hakurudi kwao tena. Alipostaafu akafungua shule ya udereva katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Mle chumbani mlikuwa na ubao mpana uliochorwa mji mzima, wenye mzunguko, vivuko na reli, na juu yake vigari vya kuchezea. Ulisukuma kigari chako kwa kidole huku ukimweleza unachokifanya. Ukisahau kutoa ishara, alikichukua kigari na kukirudisha mwanzo bila kusema neno. Barabarani alikuwa hivyo hivyo. Hakupandisha sauti. Alikuwa na maneno matatu, kioo, ishara, gia, na aliyarudia kwa sauti ile ile kama mtu anayesali rozari. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha kambi za polisi, na sisi tuliokulia huku mlimani, tunaosema kitabu yangu na gari yangu, tulijisikia vibaya kidogo kila alipofungua mdomo.

Nikamuuliza yule muuguzi kama wanaogopa wezi. Akasema ndiyo, wezi. Kisha akaongea mwenyewe. Babake siku hizi analeta mchele. Zamani alikuja na ndizi, au maparachichi ya shambani kwake, au mikono mitupu. Sasa kila baada ya wiki mbili tatu anafika amechelewa, amebeba mfuko wa mchele wa Wang'uru, na Wang'uru haiko njiani. Mtu akitoka Nyeri kwenda Kutus anateremka Karatina, anafika Sagana, anakata kushoto kupitia Kagio. Wang'uru ni mpaka uipite hiyo njia, ufike Makutano, ndipo ugeuke. Jikoni kwake mchele umejaa mpaka amegawia majirani.

"Sista, unafikiri ni nini?" nikamuuliza.

"Ninafikiri ako na mtu huko," akasema. "Sina shida na hiyo. Nataka tu kujua kama ni mtu mzuri."

Mwalimu alileta gari mwenyewe siku mbili hivi baadaye. Lilikuwa gari dogo la rangi ya kijivu, la gia za mkono, safi kuliko magari yote yaliyokuwa uwanjani. Binti yake alikuwa amemwambia ni kwa ajili ya wezi na yeye alikubali, ingawa nilimwona hakuamini. Alinitambua, au aliniambia amenitambua. Alisimama kando ya mlango nikiwa nimelala chini ya usukani na tochi mdomoni, akanitazama nikiunganisha nyaya.

"Binti, hiki kidude kitasema nini?"

Nikatoa tochi nikamwambia kitasema gari iko wapi, na injini inaendeleaje.

"Na dereva je?"

"Dereva hakimjui, Mwalimu."

Akasema vema. Akatia sahihi, akafunga mkanda, akaangalia vioo vyote vitatu na kutoka getini polepole.

Kwa majuma kadhaa sikulitazama gari lake kuliko mengine. Lilienda kanisani, sokoni, kwenye kituo cha petroli, na Jumamosi Kutus. Halafu muuguzi akapiga simu mchana mmoja wa Jumamosi. Mzee amefika na mchele tena. Angependa nimwambie alikokuwa, nyumba gani, kwa muda gani.

Nikafungua safari ile. Hapakuwa na nyumba. Gari lilikuwa limesimama mbele ya maduka ya mchele ya Wang'uru, yale yaliyopangana kando ya barabara kuu ambapo kila msafiri husimama, likakaa pale muda wa kununua mfuko mmoja na kuondoka, basi. Nikamwambia hivyo. Akashukuru lakini nikasikia hakuridhika. Akaniuliza kama kuna safari nyingine za huko katikati ya wiki. Hakukuwa na hata moja.

Ningeachia hapo, lakini siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha na gerejini hakukuwa na kazi. Nikarudi nyuma katika safari ile kuanzia alipotoka nyumbani. Traka huandika pia wakati injini inapowaka na gari halitembei, kwa sababu wenye malori hawapendi dizeli iteketee bure. Kwenye safari ya Mwalimu alama hizo zilikuwa mahali pa ajabu. Moja ilikuwa Marua, pale barabara ya kutoka mjini inapoingia barabara kuu, kulia ni Karatina na kushoto ni Kiganjo. Alisimama pale muda mrefu, injini ikiwaka. Nyingine ilikuwa kabla tu ya njia ya Kagio kule Sagana. Alisimama, akaondoka, akaipita njia yake, akaenda mpaka Makutano, akasimama tena. Ndipo akageukia Wang'uru.

Nikafungua Jumamosi zilizotangulia. Zile alizofika bila mchele pia zilikuwa na alama njiapanda, fupi zaidi. Kwingine kote aliendesha kama alivyotufundisha, breki laini, mwendo mmoja, injini haijapata joto la ziada hata mara moja. Ni pale tu barabara zilipogawanyika.

Nilikaa na jambo hilo. Sikuwa na uhakika nalo, na halikuwa langu. Mtu anaweza kusimama njiapanda kupokea simu. Nilijiambia nitamwita Mwalimu aje, nijifanye nakagua nyaya, nimuulize taratibu. Sikumwita wiki hiyo. Wiki iliyofuata tulikuwa na mabasi ya shule.

Jumamosi moja, baada ya saa sita mchana, muuguzi akapiga tena. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Babake alitoka asubuhi, hajafika, na simu inaita tu haipokewi. Nikafungua ramani nikiongea naye. Nukta ya Mwalimu haikuwa Karatina, wala Sagana, wala Wang'uru. Ilikuwa juu ya Naro Moru, nje ya lami, kwenye njia inayopanda kwenda lango la mlima. Ilikuwa imesimama. Injini ilikuwa inawaka.

Nikamwambia alipo. Kisha akaniuliza kama ni kweli mashine yetu inaweza kuzima gari kutoka mbali. Nikamwambia inaweza.

"Basi izime, fundi. Asiende mbele. Huko mbele ni msitu."

Kitufe chenyewe kilikuwa mbele yangu. Kimewekwa kwa ajili ya gari lililoibwa, na nimeshakitumia mara kadhaa bila kufikiri. Nikamwambia gari halitembei, na kwamba likizimika ghafula na mzee yuko ndani hajui sababu, atashuka. Na akishuka, traka inabaki na gari. Afadhali injini iendelee kunguruma, nami niende mwenyewe. Akasema sawa. Akasema yeye anatafuta gari la kumtoa Kutus. Nikamwomba asubiri kwanza asije tukapishana njiani.

Fundi mwenzangu alinipeleka kwa gari la gereji. Simu nilikuwa nimeishika mkononi, ramani imefunguliwa. Tulipita Kiganjo, tukapita Chaka, mlima ukiwa kulia kwetu, umejifunika nusu. Nukta haikusogea. Joto la injini lilikuwa sawa na mafuta yalikuwapo. Kwa maneno ya kompyuta gari lile halikuwa na tatizo lolote.

Tulimkuta pembeni, amelitoa gari barabarani vizuri, amewasha taa za dharura. Hapo kando palikuwa na mwanamume mmoja mwenye mkoba mkubwa mgongoni, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya wapanda mlima. Alituambia alimkuta mzee alipokuwa anateremka kutoka mlimani, akamsalimia, akaona afadhali asimwache mpaka mtu wake aje. Hakuwa amemuuliza chochote. Tulimshukuru akashika njia yake kwenda mjini.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye usukani, mkanda umefungwa, mikono yote miwili imeushika. Alikuwa amevaa koti lake la Jumamosi. Simu ilikuwa juu ya kiti cha pembeni, inaonyesha simu zote ambazo hakupokea. Nikafungua mlango wa pili nikaiinua, nikakaa. Nilimwamkia. Aliitikia kama mtu aliyenitarajia.

"Nimepumzika kidogo," akasema.

Nikamwambia sawa. Mwenzangu alikuwa amebaki kwenye gari letu, na nilifurahi kwa hilo. Mbele yetu njia ilikuwa inapanda kati ya mashamba ya viazi, halafu miti inaanza. Baada ya muda akanyoosha mkono akazima injini mwenyewe.

Kisha akanieleza, bila haraka, macho yake yakiwa barabarani. Alisema pale Marua hakukumbuka. Hakusahau Kutus, wala sura ya binti yake, wala nyumba. Alisahau mkono tu, kulia au kushoto. Nyuma yake lori lilikuwa linapiga honi, akachagua. Alipofika Kiganjo alijua amekosea, kwa sababu mtu anayeshuka Kutus anauweka mlima kushoto kwake na yeye alikuwa anauona kulia. Lakini aliogopa kugeuza. Alifikiri akigeuza atakutana na njiapanda nyingine kabla ya ile. Kwa hiyo alifuata barabara mpaka nayo ikamletea ya kuchagua, akachagua tena, na ilipoanza kuwa ya mawe akasimama.

"Hizo barabara nilifundisha watu," akasema. "Nilizifundisha zote."

Niliona ni haki yake ajue ninachokijua, nikamwambia. Nilimweleza alama za Marua na za Sagana, na Makutano. Nilimwambia pia kuhusu Wang'uru.

"Na mchele?" akauliza.

"Nimeona ulikuwa unanunua kila ulipoipita njia ya Kagio."

Akatikisa kichwa. Alisema mara ya kwanza alijikuta Wang'uru bila kujua amefikaje, akasimama kuuliza njia ya Kutus, na aliyemuuliza alikuwa muuza mchele. Aliona aibu kuondoka hivi hivi, akanunua. Alipofika, binti yake aliufurahia mchele na hakuuliza habari ya kuchelewa. Tangu hapo akipotea, anatafuta mchele kwanza.

"Umemwambia?"

"Bado, Mwalimu. Yeye anafikiri uko na mama fulani huko."

Hapo alicheka, kicheko kifupi cha puani, na niliona kimempendeza kidogo. Halafu akaniomba simu yake. Alimpigia binti yake akamwambia yuko salama, yuko Naro Moru, yuko na mimi. Akasikiliza. Upande wa pili ulikuwa unalia au unagomba, sikuweza kujua. Alipopata nafasi alisema, "Hakuna mama yeyote. Ni kwamba nasahau njia. Ni mwaka mzima sasa. Nilitaka kukwambia, lakini kila nikifika unaniuliza mchele ni wa aina gani."

Akasikiliza tena, kisha akasema ndiyo, ndiyo, akanirudishia simu niongee. Muuguzi aliniuliza kama babake amevaa nguo ya joto. Nikamwambia amevaa koti. Hakuniuliza lingine.

Tulikubaliana nitamshusha Kutus kwa gari lake, na mwenzangu arudi Nyeri. Mwalimu alihamia kiti cha pembeni. Nilipoweka mkono kwenye gia akasema kioo, na tukaanza. Alinisahihisha njia nzima. Klachi naishika sana. Kwenye kona nachelewa kupunguza mwendo. Pale Karatina nilitaka kulipita gari la mboga akasema subiri, na nikaona pikipiki iliyokuwa inatokea mbele. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haikuwapo. Kila alichokuwa nacho zamani bado alikuwa nacho, isipokuwa hicho kimoja. Tulipokaribia Sagana aliacha kuongea. Nikatoa ishara ya kushoto mapema zaidi ya kawaida. Alisikiliza mlio wake, kisha akaegemea kiti.

Binti yake alikuwa amesimama getini. Hakulia mbele yangu. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akatupakulia chakula, na tulipokuwa tunakula alisema kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya daktari kwamba kazini kwake huwauliza wazee wa watu maswali ya kumbukumbu, siku gani leo, ulikula nini jana, na hakuwahi kumuuliza babake hata moja. Mzee akamwambia leo ni Jumamosi, na jana alikula githeri. Wakaendelea kula.

Mambo hayakuisha siku hiyo kama watu wanavyotaka yaishe. Muuguzi alitaka ufunguo. Mwalimu alikataa, na waligombana kwa simu kwa muda, kila mmoja akinipigia mimi kunieleza mwingine ni mgumu namna gani. Mwishowe wakakubaliana aendeshe mjini tu, kwenda kanisani na sokoni, kwa barabara ambazo mkono wake unazijua wenyewe. Nikachora mpaka wa mji kwenye ramani. Traka yetu hupiga kelele gari likiuvuka. Mwalimu alitaka kelele hiyo ije kwangu, si kwa binti yake, nami nimpigie yeye. Muuguzi alikubali hilo baada ya siku nyingi.

Alivuka mara chache sana. Nilimpigia, akapokea akiwa amesimama, akasema, "Niambie." Nilimwambia ageukie mkono upi. Alisema asante akakata simu. Hatukuwa na mazungumzo mengine.

Mvua ndefu zilipofika, gari lilianza kulala nyumbani. Nililiona kwenye skrini kwa namna tofauti: nguvu ya betri ilikuwa inashuka kidogo kidogo, kama inavyofanya gari lisipowashwa. Nilipopiga kumwambia aliwashe angalau mara moja kwa wiki, alisema hana mahali pa kwenda, na tena baridi ya Nyeri siku hizi inamwingia magotini. Muda si mrefu binti yake alikuja akamhamisha. Mtu wa kanisani alilishusha gari Kutus, nao wakafuata kwa lori la vyombo.

Kule Kutus nukta ilikaa kimya wiki kadhaa, halafu jioni moja ikaanza kuzunguka. Ilikuwa inazunguka mahali pamoja, duara baada ya duara, mwendo wa chini kabisa, injini ikizima na kuwaka, kuzima na kuwaka. Nilipiga simu nikiwa na wasiwasi. Muuguzi alipokea akiwa anahema. Walikuwa uwanja wa mpira. Kumbe yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha. Alipokuwa msichana alijaribu na babake mara moja, akashuka katikati ya barabara akaenda nyumbani kwa miguu. Sasa anajifunza, jioni akitoka kazini. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mzee akisema kioo, bila kupandisha.

Alichukua muda mrefu kuliko wanafunzi wengi. Breki zake zilikuwa za kishindo, na joto la injini lilipanda kwa sababu ya klachi, na mimi niliyaona hayo yote bila kumwambia mtu. Alipopata leseni walinipigia nikaitoe traka, kwa kuwa haina kazi tena. Nilienda siku ya Ijumaa. Mwalimu alikuwa ameketi barazani juani. Alinipa mkono, na sidhani alijua mimi ni nani, ila alisimama nyuma yangu nikifungua dashibodi, akaniambia niangalie nisivunje vile vishikizo vya plastiki, maana huwa havipatikani.

Wiki iliyofuata nilikifunga kifaa kile kile kwenye gari la maziwa la huko Mukurwe-ini. Nilibadilisha jina la mwenye gari na namba ya usajili, na nikafuta mpaka niliokuwa nimeuchora. Mahali pa mwisho gari lilipoonekana hapafutiki kwa mkono. Panabaki mpaka gari jipya liwashwe. Dereva wa maziwa alikuwa ameenda kunywa chai. Kwa muda huo wote skrini ilionyesha gari lake liko Kutus, limesimama.